Darasa la kode kwa video: kijana wa Kasugho alipie nini, aache nini?

Mtu wa Kasugho hulipia njia kabla ya kujifunza njia. Akitaka permi ya kuendesha, kwanza humlipa motari wa kumfikisha Butembo, kisha hulipia kitanda na chakula cha mjini, na hapo ndipo moniteri wa otoekoli anapoanza kumhesabia saa zake. Mvua ikishika, udongo wa Lubero hugeuka sabuni, nauli inapanda, na siku alizopanga kukaa mjini zinaongezeka. Akirudi nyumbani na kupiga hesabu, asishangae kuona safari imemeza pesa nyingi kuliko mafunzo yenyewe.

Kwa hiyo akiambiwa kwamba somo la kode linaweza kumfuata kwenye simu, mwalimu akiwa Butembo au Beni na yeye ameketi barazani kwao, lazima atege sikio. Hapo ndipo makala hii inapoanzia: je, darasa la video la moja kwa moja ni nafuu kweli kwa mtu wa huku kwetu, na likiwa nafuu, ni nafuu kwa sehemu ipi? Bei za shule moja moja hatutazitaja, kwa maana zinayumba pamoja na dola. Tutakupa namna ya kuzihesabu mwenyewe.

Unanunua vitu vitatu, si kimoja

Wengi husema "naenda kununua permi", kana kwamba ni sukari. Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa udereva hununua vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina muuzaji wake.

Cha kwanza ni kode: maana ya alama, nani apite kwanza kwenye njia panda, mwendo gani mahali gani. Msingi wake kwetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile iliyoleta kanuni mpya za barabarani. Cha pili ni mkono, yaani saa za kukaa nyuma ya volan, mguu ukijifunza ambreyaji na freni, jicho likijifunza kioo. Cha tatu ni karatasi, permi yenyewe, ambayo ni mali ya Serikali na hutolewa kupitia CONADEP, tume ya taifa ya utoaji wa permi. Otoekoli, iwe ya darasani au ya simu, haitoi permi. Inakuandaa tu.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo mizani ya makala yote. Video inaweza kukuuzia kode. Mkono haiwezi. Karatasi haina ruhusa ya kuiuza. Anayekuambia kwamba kwa malipo ya mara moja na simu yako tu atakupa vyote vitatu anakudanganya katika viwili.

Njia tano, na kila moja inavyokula pesa

*Shofa wa mtaani.* Mjomba ana gari, au rafiki anaendesha Fuso la mzigo. Unamlipia mafuta, unamshika mkono kwa soda, naye anakufundisha Jumapili barabara ikiwa tupu. Kwa pesa taslimu hakuna njia ya chini ya hii, na kwa upande wa mkono unaweza kupata saa nyingi kuliko za shule. Tatizo ni kwamba unarithi na makosa yake. Kama yeye hupita gari la mbele kwenye kona ya mlima, nawe utapita. Kode hutapata, labda ile anayoikumbuka.

*Otoekoli ya ana kwa ana, Butembo au Beni.* Hapa unapata kode na mkono mahali pamoja, na moniteri anaona uso wako unapokosa kuelewa. Gharama ya shule inajulikana mapema. Gharama inayofichika ni ya kukaa mjini. Kama masomo ni saa mbili kwa siku, mara tatu kwa juma, mtu wa Kasugho analipia siku saba za chakula ili asome saa sita. Kwa mkaaji wa Butembo hesabu hiyo haimgusi. Kwa anayetoka mbali, ndiyo inayomwangusha.

*Darasa la video la moja kwa moja.* Mwalimu yuko mbele ya kamera, wanafunzi wanauliza, anajibu papo hapo. Unaokoa nauli na kitanda kwa sehemu ya kode. Badala yake unalipia mega, chaji ya simu au mafuta ya jenereta, na wakati mwingine simu yenye kioo kikubwa zaidi.

*Video zilizorekodiwa na kitabu cha kode.* Ni nafuu kuliko zote kwa kode. Unapakua mara moja mahali mtandao ulipo na nguvu, unatazama mara ishirini. Hasara yake ni kwamba hakuna wa kukuambia umekosea, na nyingi ya video zinazopatikana bure zimetengenezwa kwa nchi nyingine. Tutalirudia hilo, kwa kuwa lina hatari.

*Permi bila masomo.* Wapo wapatanishi watakaokuambia hakuna haja ya yote hayo, leta picha na dola. Tunaitaja kwa sababu ipo sokoni, na msomaji anailinganisha na nyingine kimoyomoyo. Ukiipata karatasi ya namna hiyo, umelipa bei ya permi na hukupata udereva. Siku ya ajali, rulaje atauliza karatasi, lakini mti wa kando ya barabara hautauliza.

Hesabu ya mega

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu darasa la video huonekana la bure mara unapokwisha kulipa ada. Si la bure. Mkutano wa video wa watu wengi, kwa programu kama Zoom, hula takriban mega 800 kwa saa picha ikiwa ya kawaida, na hupita giga 2 kwa saa picha ikiwa safi sana. Sauti peke yake haifiki mega 100 kwa saa.

Chukua mafunzo ya kode ya saa 30, kipimo kinachotumika katika majimbo kadhaa ya Marekani. Saa 30 kwa mega 800 ni giga 24. Sasa zidisha giga 24 kwa bei ya giga moja katika mtandao unaotumia, Airtel, Vodacom au Orange, kwa kifurushi unachonunua kweli, si kile kikubwa cha kwenye bango. Jumla hiyo iandike kando ya nauli ya kwenda na kurudi Butembo pamoja na siku za kitanda. Mara nyingine video inashinda. Mara nyingine inashindwa vibaya, hasa kwa anayenunua mega kidogo kidogo kila siku, maana giga ya rejareja ina bei yake.

Kuna njia mbili za kuishusha hesabu hiyo.

Ya kwanza ni kuuliza: sehemu gani ya kode inahitaji picha inayosogea? Alama za barabara hazisogei. Zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi huko Butembo mara moja, kila moja ikiwa na namba, na mwalimu akasema kwa sauti tu, "tazameni alama namba 12". Picha inahitajika kwa njia panda, kwa kupita gari la mbele, kwa kugeuza gari. Tuseme saa 6 kati ya 30. Saa 6 za video ni giga 4.8. Saa 24 za sauti, hata tukihesabu mega 100 kamili kwa kila saa, ni giga 2.4. Jumla giga 7.2, badala ya 24. Mwalimu anayekataa kuzima kamera yake hata anaposoma orodha anakulia mega bure.

Ya pili ni kukaa pamoja. Vijana kumi, skrini moja, laini moja. Giga 24 zikigawanywa kwa kumi ni giga 2.4 kwa kila mmoja, na mkichanganya na njia ya sauti ni mega 720. Kasugho si kijiji kisicho na mahali pa kukusanyikia. Kuna chuo kikuu, UCNDK, kinachofundisha uhifadhi wa mazingira jirani na Hifadhi ya Sokwe ya Tayna. Kuna shule na parokia. Skrini moja na spika moja, na darasa limepatikana. Kama kwenu mtandao hushikwa juu ya kilima tu, basi video ya moja kwa moja haikufai kabisa, uwe na pesa kiasi gani. Nunua rekodi.

Angalia mwalimu anaendesha upande gani

Huku kwetu watu husikiliza Kiswahili cha pande zote. Ukitafuta masomo ya udereva kwa Kiswahili kwenye simu, walimu wengi utakaowapata wako Tanzania au Kenya. Wanafundisha vizuri, kwa lugha tamu, tena wengine bure. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Kongo huendesha kulia, kama Rwanda na Burundi.

Usidhani ni jambo la kugeuza kichwani tu. Mwalimu wa Nairobi anakufundisha kuzunguka mzunguko ukifuata mshale wa saa. Ukifanya hivyo kwenye Rond-point VGH pale Butembo, au Rond-point Nyamwisi kule Beni, utakutana uso kwa uso na kila chombo kilichomo. Anakufundisha kupita gari la mbele kwa upande wa kulia. Kwetu hupita kwa kushoto. Hata kuvuka barabara kwa miguu, jicho la kwanza linaangalia upande mwingine. Kwetu pia, njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, na swali hilo halikosi kwenye kode.

Kuna na jambo la pili linalohusu mkono. Magari mengi yanayoingia kwetu yamepitia Mombasa na Uganda hadi mpaka wa Kasindi, na volan yake iko kulia ingawa tunaendesha kulia. Shofa wa gari hilo amekaa upande wa ukingo wa barabara. Akiwa nyuma ya Fuso kwenye mlima wa RN2 na anataka kupita, haoni kinachokuja mpaka awe amekwisha kutoa nusu ya gari, au amtegemee abiria amwambie. Hakuna video ya Ufaransa wala ya Tanzania itakayokufundisha hilo, kwa sababu haliko kwao. Moniteri wa Butembo analijua. Hiyo ni sababu moja ya kumlipa yeye.

Wenzetu walioiandikia video kanuni

Masomo ya udereva kwa video ya moja kwa moja yalipata nguvu mwaka 2020, korona ilipofunga madarasa. Majimbo mengi ya Marekani yaliruhusu shule za udereva zifundishe kwa njia hiyo, na mengine yakaiacha idumu. Ndugu zetu Wakongo walioko Portland na Lewiston, jimboni Maine, wanaijua hali hiyo. Ukisoma kanuni zao utaona kitu kimoja kinachojirudia: video imeruhusiwa kuingia darasani, haikuruhusiwa kuingia garini. Maine huwataka vijana wasome darasani saa 30 na wakae kwenye volan na mwalimu saa 10. Maryland ni saa 30 na saa 6. Massachusetts ni saa 30, saa 12 za kuendesha, na 6 nyingine za kukaa nyuma kumtazama mwenzako akiendesha. Zile 30 zinaweza kupita kwenye waya. Hizo nyingine haziwezi.

Ufaransa, mtu anaweza kujisomea kode kwenye simu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mtihani anaufanyia katika chumba cha mtihani, mbele ya msimamizi: maswali 40, majibu sahihi yasipungue 35, kwa ada ya euro 30. Kisha humlazimu kuendesha na mwalimu saa 20 kwa uchache, au 13 kama gari halina ambreyaji. Rwanda, jirani anayeendesha kulia kama sisi, mtihani wa kode una maswali 20, na anayepata 12 amefaulu.

Kwa darasa la video lenyewe, kanuni zinazorudi katika majimbo mengi ni hizi: mwalimu awe hewani muda wote, si rekodi iliyovalishwa nguo za moja kwa moja. Uso wa kila mwanafunzi uonekane. Mahudhurio yaandikwe. Aliyekosa somo alirudie. Mwanafunzi asiwe anaendesha chombo huku anasikiliza somo. Hiyo ya mwisho inachekesha mpaka umwone motari wa mjini akiwa na simu sikioni.

Ipo kanuni moja ambayo kwetu inagongana na mfuko: kila mwanafunzi awe na kifaa chake na kamera wazi. Tukiifuata kwa herufi, zile giga 2.4 za kila mmoja zinarudi kuwa 24. Lakini tazama kanuni hiyo inalinda nini. Inalinda mwalimu asilaghaiwe na mtu aliyefungua simu akaenda shambani. Lengo hilo kundi la Kasugho linaweza kulifikia kwa njia nyingine: mtu mzima mmoja anayeaminika, mwalimu wa shule kwa mfano, akae na kundi, aite majina mwanzo na mwisho, atie sahihi daftari, na kulipiga picha kwa otoekoli kila jioni. Mkubaliane na shule juu ya hilo kabla ya kulipa, kwa maandishi.

Maswali saba kabla ya kutuma pesa

1. Mwalimu yuko wapi, na anafundisha kode ya Kongo? Mwulize swali moja la kumpima: nani anapita kwanza kwenye njia panda isiyo na alama?
2. Ni watu wangapi kwenye darasa moja? Darasa la watu mia ni redio, na redio ilipwe bei ya redio.
3. Mtandao ukikatika, somo linarudiwa au limekwenda na maji?
4. Somo ni kwa Kifaransa, Kiswahili au Kinande? Uliza pia mtihani ni kwa lugha gani. Kuelewa somo kwa Kiswahili kisha kukwama kwenye swali la Kifaransa ni hasara uliyoinunua mwenyewe.
5. Saa za volan ni ngapi, kwenye gari lipi, na volan yake iko upande gani?
6. Mwishoni napewa karatasi gani, na ofisi itakayonipokea iko mji gani? Hili limekuwa zito tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025 na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Shule inayokutegemeza kwenye ofisi ya Goma inakuuzia safari usiyoweza kuifanya.
7. Nalipa kwa awamu? Ada ya M-Pesa au Airtel Money ya kutuma na kutoa iko juu ya nani? Ukilipa kwa noti za dola, kumbuka iliyochanika kidogo tu hukataliwa.

Uamuzi wetu

Kwa anayetaka kuwa motari, darasa la video tunaliweka mwisho. Masomo mengi ya simu yametungwa kwa ajili ya gari, na pikipiki ina hatari zake: mzigo wa nyuma, abiria wawili, matope, kaske isiyofungwa. Vijana kumi mkichanga, mleteni moniteri Kasugho kwa siku chache. Nauli ya mtu mmoja kupanda ni ndogo kuliko nauli ya kumi kushuka, na mtajifunzia kwenye barabara ileile mtakayofanyia kazi.

Kwa anayetaka gari na anaishi mbali na Butembo, tunachagua mchanganyiko: kode kwa kundi, skrini moja, sauti kwa sehemu kubwa na video kwa zile saa chache zinazohitaji picha. Baada ya hapo mkono wote usomwe Butembo kwa siku zinazofuatana, asubuhi na jioni, ili kitanda cha mjini kilipiwe juma moja badala ya mwezi.

Kwa mkaaji wa Butembo au Beni, nenda otoekoli kwa miguu yako. Mega zako zina kazi nyingine.

Na kwa mfanyabiashara anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe kila mara: jifunze kulia kwanza, uimarike, halafu mlipe mwalimu wa Uganda saa mbili tatu za kushoto ukiwa upande wa kule. Usizichanganye kwenye mwezi mmoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua daftari, chora safu tatu: kode, mkono, karatasi. Chini ya kila moja andika unacholipa na unachopewa. Kama safu ya mkono ina sifuri, usitume hata falanga moja.